Upungufu wa Kumi na Saba

Tangu barua pepe ile iingie Jumatatu saa nne asubuhi, Phelis Mongina hakuweza kukaa kitini kwa dakika tano mfululizo. Aliinuka akaenda dirishani. Akarudi, akafungua friji ya maabara, akaitazama ndani bila kuchukua kitu, akaifunga. Akaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nje mvua ilikuwa imeanza mapema kuliko kawaida yake ya alasiri, na wachumaji wa chai kwenye mteremko wa pili walikuwa wamefunga aproni zao za plastiki na kuendelea kuchuma.

Barua ilitoka kwa fundi wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, mwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Kituo cha utafiti wa chai cha Emitiot, nje kidogo ya mji wa Kericho, kilikuwa kidogo mno kuwa na mashine ya namna hiyo. Kilikuwa na vyumba vitatu vya maabara, kitalu kimoja na wafanyakazi kumi na mmoja, kwa hiyo walituma sampuli zao Nairobi na kungoja. Sasa majibu yalikuwa yamekuja kwa mistari mitatu. Sampuli ya nne, uzito kama ulivyotarajiwa. Sampuli ya tano, vivyo hivyo. Sampuli ya tatu, pungufu kwa kumi na saba.

Phelis aliisoma namba hiyo mara moja tu, na papo hapo akajua ilikotoka.

Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza peptidi moja, mkufu mfupi wa asidi amino tano zilizoshikanishwa moja baada ya nyingine. Mmea hauna ulimi wala mishipa ya fahamu. Ukitaka kuiambia sehemu moja ya mwili wake jambo, hutuma homoni, na baadhi ya homoni hizo ni peptidi ndogo kama ile ya Phelis. Yake alikuwa ameibuni ifike pale tawi lilipokatwa na kuziamuru seli zigawanyike zitoe mizizi. Wakulima wa Kericho na Bomet walikuwa na haja nayo. Kulikuwa na aina ya chai waliyoibatiza Sugu, kwa maana kiangazi hakikuiua, lakini ukikata kikonyo chake ukipande kwenye mfuko wa udongo, tisa kati ya kumi vilioza bila kutoa hata uzi wa mzizi.

Sampuli ya tatu ilikuwa imefanya maajabu. Walipanda Januari, kwenye kitalu cha mkulima mmoja wa Boito aitwaye Chepkurui, ambaye kila mtu alimwita Mama Fancy. Mwezi wa Aprili walipoenda kuhesabu, vikonyo hamsini na viwili kati ya sitini vilikuwa na mizizi. Kati ya sitini vilivyochovywa kwenye maji matupu, saba tu. Mkuu wa kituo, Daktari Chepchirchir, alipiga picha, akazituma kila mahali, akatangaza siku ya wakulima itakayofanyika Septemba. Kisha walitengeneza sampuli ya nne na ya tano, wakapanda Mei, wakahesabu mwisho wa Agosti. Vinane. Kumi. Sawa na maji.

Na siku ya wakulima ilikuwa imebakiza majuma mawili.

Tatizo la Phelis lilianza Ijumaa moja ya mwezi wa Januari. Siku hiyo alikuwa amefika hatua ya mwisho ya kazi. Aliweka peptidi ndani ya flaski yenye asidi dhaifu ya siki, akaiziba vizuri, akaitumbukiza kwenye karai la umeme la maji yenye joto la nyuzi sitini. Ilipaswa kukaa humo dakika tisini, itolewe, ikaushwe. Nusu saa baadaye kaka yake Mageto alipiga honi langoni. Gari lilikuwa limejaa shangazi na wajomba, wote wakielekea Kipkelion kumposea mke.

"Twende, tunakuhitaji," Mageto alisema. "Saa tisa tutakuwa tumerudi."

Hakuna mtu aliyewahi kurudi saa tisa kutoka kwa posa. Mvua ikanyesha, barabara ya udongo ikageuka uji, gari likalala huko huko, na Phelis alicheza na wenyeji mpaka viatu vikampasuka. Aliikumbuka flaski akiwa kanisani Jumapili, wakati wa sala. Jumatatu alipofika kazini aliikuta bado ndani ya maji ya moto. Siku tatu.

Angeimwaga. Lakini zile asidi amino zilikuwa zimeagizwa ng'ambo na zilichukua miezi minne kufika, na mkataba wake ulikuwa karibu kufikiriwa upya. Kwa hiyo aliikausha, akampa fundi Otiende aigawe kwenye chupa, na kwenye daftari la maabara akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Dakika tisini, nyuzi sitini.*

Sasa namba kutoka Nairobi ilikuwa ikimwambia kilichotokea ndani ya siku hizo tatu. Mkufu wake ulianza na asidi amino iitwayo glutamini. Glutamini ikikaa sana kwenye joto na asidi hujikunja. Mkia wake hurudi ukakiuma kichwa chake, hutupa nje chembe moja ya amonia, hujifunga pete. Amonia ina uzito wa kumi na saba. Na mkufu uliofungwa pete kichwani hauliki upesi. Vimeng'enya vya mmea, ambavyo hutafuna peptidi kuanzia kichwani, havipati pa kuuma. Ile ya nne na ya tano, alizozitengeneza kwa uangalifu, zilikuwa zimetafunwa kabla ya kufikisha ujumbe. Ile aliyoiharibu ndiyo iliyofanya kazi.

Alipaswa kufurahi. Badala yake alikwenda tena kuosha mikono.

Saa sita Daktari Chepchirchir aliwaita ofisini mwake, Phelis na Otiende. Daktari alikuwa mama mrefu wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache na ya haraka. Otiende alikuwa fundi wa maabara. Ndiye aliyepima, aliyegawa, aliyeandika lebo. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kituo kile. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Nimesoma majibu," Daktari alisema. "Hii ya tatu si mtoto wetu. Ni kitu kingine kabisa. Sasa naomba kujua ni kitu gani, na kiliingiaje kwenye chupa zetu."

Otiende aliihamishia kofia mkono wa pili.

"Mwezi wa Januari tulikuwa na yule mwanafunzi aliyekuwa anafanya kazi na homoni nyingine. Chupa zake zilifanana na zetu, na zilikaa rafu moja na zetu. Nani alijaza chupa, Otiende?"

"Ni mimi, Daktari."

"Na lebo?"

"Ni mimi pia. Lakini sijawahi kuchanganya chupa. Miaka hii yote, hata moja."

"Basi hizo kumi na saba zimeenda wapi?"

Kumi na saba hazikuwa kazi ya Otiende. Alimgeukia Phelis. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenye kujua njia wakati gari limefika njia panda.

Phelis aligeukia dirisha. "Labda tungoje kwanza," alisema. "Tuangalie vizuri."

"Sina wakati wa kungoja," Daktari alisema. "Nimealika wakulima mia mbili waje kuona dawa ambayo sijui ni nini. Alhamisi saa tatu nitaketi na Bwana Gichana wa utawala. Otiende, utakuja ujieleze kwa maandishi. Mpaka hapo usiguse chupa yoyote."

Walitoka. Kwenye veranda Otiende alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Madam," alimwambia Phelis, "wewe unaelewa hii mambo. Ukiona kitu, utaniambia, si ndiyo?"

"Nitakuambia, mzee," alisema Phelis, na akaenda zake upesi kana kwamba ameitwa.

Siku ile hakula. Alirudi nyumbani alasiri, akaanza kufua nguo zilizokuwa safi, akaziacha kwenye beseni, akatoka akatembea hadi kwenye kona ya barabara, akarudi. Kila alipojaribu kulala kwenye kochi, akili ilikuwa ikichora ile pete. Alipata njia moja iliyoonekana nzuri. Angeweza kusema amekuwa akiwaza, na kwamba kwa nadharia tu glutamini huenda ikajifunga. Angetengeneza sampuli mpya, angeiacha siku tatu makusudi, angeipima, na watu wangempongeza. Hakuna ambaye angemuuliza habari za Januari.

Alifurahia njia hiyo kwa muda wa kuchemsha chai. Alipokuwa akiimimina akaona pengo lake. Daftari lilisema dakika tisini. Kama kweli peptidi ilikaa siku tatu kwenye moto, wangeuliza ni nani aliyelisahau karai. Na anayewasha na kuzima makarai kila siku ni Otiende, ingawa Ijumaa ile Phelis alimwambia lake atalizima mwenyewe.

Jumanne asubuhi alichukua pikapu ya kituo, akasema anakwenda Boito kuchukua rekodi za kitalu. Hakuhitaji rekodi yoyote. Alihitaji tu kuwa mahali pengine. Aliendesha kupitia Litein na Mogogosiek, chai pande zote mbili za barabara, akipita malori ya majani mabichi bila kuangalia vizuri mbele, mpaka dereva mmoja akampigia honi ya matusi.

Mama Fancy alikuwa ameinama chini ya kivuli cha kitalu chake, akifunua plastiki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"Chamgei, Mongina! Umekuja na ile dawa ya kweli, ama umeniletea tena maji?"

"Sijakuja na kitu, Mama Fancy. Nimekuja kuona tu."

"Basi ona." Alimshika mkono akampeleka safu kwa safu. Upande mmoja ilikuwa miche iliyotoka kwenye sampuli ya tatu, sasa imefika magotini, majani yake yaking'aa. Upande wa pili mifuko ya sampuli ya nne na ya tano, vikonyo vyeusi vimelegea. "Mimi sikusoma hiyo kemia yenu. Lakini mikono iliyopanda hapa na hapa ni hii hii. Udongo ni ule ule, maji ni ya mto ule ule. Kwa hivyo kuna kitu mlifanya mara ya kwanza hamkufanya mara ya pili. Mkae chini mkumbuke."

Phelis aliinama akajifanya anachunguza jani.

"Hata mwenzako alikuja jana alasiri," Mama Fancy aliendelea. "Otiende. Kwa bodaboda, na hiyo mvua yote. Akafika hapa kama kuku aliyetolewa mtoni."

"Otiende alikuja hapa? Kufanya nini?"

"Alitaka ile chupa tupu ya kwanza. Nilikuwa nimeiweka, mimi situpi chupa nzuri. Akaenda nayo pale mlangoni kwa mwanga, akaisoma, akaisogeza mbali, akaisoma tena. Kisha akaniambia, 'Mama, nisomee hapa imeandikwa nini.' Nikamsomea. Namba tatu, tarehe, jina lako. Akasema, 'Hata mimi ndivyo ninaona.' Nikampa chai, hakumaliza."

"Alisema kitu kingine?"

Mama Fancy alifunika plastiki, akakanyagia ukingo wake kwa mguu. "Alisema, 'Labda ni macho yangu. Siku hizi naona herufi mbili mbili. Labda kweli niliweka dawa ya mtu mwingine na sikujua.' Nilimhurumia. Mtu mzima, ameanza kujitilia shaka. Mongina, unaumwa?"

Phelis alikuwa ameshika nguzo ya kitalu. "Hapana. Ni jua tu."

"Jua gani?" alisema Mama Fancy, akitazama mawingu.

Alipanda pikapu bila kuaga ipasavyo. Njiani alimpigia Daktari simu mara mbili, haikushikwa. Alipofika kituoni akaambiwa Daktari ameenda Bomet kwa mkutano, atarudi Jumatano jioni. Siku nzima ya Jumatano Phelis alizunguka maabara. Alipanga chupa kwa ukubwa, akazipanga upya kwa alfabeti. Alianza kuandika barua ya kukiri, akaifuta, kwa maana kila mara sentensi ya kwanza ilianza na mvua ya Kipkelion, na mvua haikuwa na kosa. Akampigia kaka yake.

"Mageto, ile siku ya posa yenu, unakumbuka nilikwambia kuna kitu nimeacha kazini?"

"Hukuniambia kitu, Phelis. Ulikuwa wa kwanza kuingia kwa gari."

Hilo pia lilikuwa kweli.

Alhamisi saa tatu kasoro dakika kumi, Otiende alikuwa tayari kwenye benchi nje ya ofisi, amevaa koti la kanisani, karatasi imekunjwa mara nne mkononi. Phelis alipita mbele yake na daftari la maabara kwapani. Hakuwa ameitwa. Alibisha hodi na kuingia kabla ya kuitikiwa. Daktari alikuwa mezani, na Bwana Gichana wa utawala, mzee mnene mwenye miwani, alikuwa akichonga penseli.

"Phelis, tutakuita tukikuhitaji."

"Daktari, naomba Otiende aingie sasa. Ninachotaka kusema nataka asikie."

Daktari alimtazama, kisha akaashiria kwa kidevu. Otiende aliingia, akasimama pale pale karibu na mlango.

Phelis aliweka daftari mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa Januari. Aliweka kidole kwenye mstari. "Hapa nimeandika dakika tisini. Si kweli. Flaski ilikaa ndani ya maji ya moto kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Niliiacha nikaenda Kipkelion kwa shughuli ya familia. Niliporudi niliogopa, nikaandika uongo. Chupa hazikuchanganywa. Lebo ni sahihi. Kilichomo ndicho nilichompa Otiende."

Bwana Gichana aliacha kuchonga.

"Na kumi na saba?" Daktari aliuliza polepole.

"Ni amonia. Glutamini ya kwanza imejifunga pete. Ndiyo sababu mmea haukuweza kuila, na ndiyo sababu vikonyo vilitoa mizizi. Ya nne na ya tano hazikufungwa, kwa hivyo zililiwa."

Daktari alilivuta daftari karibu. Phelis aliona akili yake ikifanya kazi, ikiifuata ile pete, ikikubali. Na mara hiyo hiyo aliona uso wake ukikaza.

"Miezi minane," Daktari alisema. "Miezi minane, Phelis. Nimesimama mbele ya watu na picha zako. Nimepanda sampuli mbili kwa ardhi ya watu. Na jibu lilikuwa kwa kichwa chako, chini ya uongo wa mstari mmoja. Ungeandika 'siku tatu' tu, tungekuwa tumejua tangu Aprili!"

"Najua, Daktari."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Otiende alikohoa. Wote wakamgeukia. Hakuwa akimtazama Daktari. "Madam," alimwambia Phelis, "Jumatatu, tukiwa hapa, ulikuwa unajua?"

Phelis angeweza kusema alikuwa akishuku tu. Neno hilo lilimjia, likakaa kwenye ncha ya ulimi. "Nilijua," alisema.

"Na nikakuomba pale nje, ukasema utaniambia."

"Ndiyo, mzee."

Otiende alitikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayesikiliza taarifa ya matanga. Kisha akaifungua ile karatasi yake, akaichana katikati, akaviweka vipande vyote viwili kwenye meza ya Bwana Gichana, akavaa kofia na kutoka. Hakuaga, wala mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo lilimuumiza Phelis kuliko kelele yoyote.

Mambo hayakwisha siku hiyo. Siku ya wakulima ilifutwa, na Daktari alipiga simu mwenyewe kwa viongozi wa vikundi kuanzia Konoin mpaka Sotik, akiwaambia kwamba kosa lilikuwa la kituo. Phelis alipewa barua ya onyo na akaondolewa kuwa msimamizi wa utafiti. Angebaki kama mfanyakazi wa kawaida mpaka mkataba uishe, kisha wangeona. Hakulalamika. Usiku wa Alhamisi alilala kwa saa tisa mfululizo, lakini asubuhi alipofika kazini, Otiende hakuwa amekuja.

Hakuja siku sita. Siku ya saba alikuja, akaenda moja kwa moja kwa Daktari, na Phelis akaitwa baadaye kusikia masharti yake. Yalikuwa mawili. La kwanza, kila kinachoandikwa kwenye daftari kisomwe kwa sauti na kutiwa sahihi na watu wawili. La pili, kwenye kazi ile ya peptidi, kuhesabu vikonyo kuwe juu yake yeye, na si mtu mwingine.

"Nimekubali," Daktari alisema. "Wewe?"

"Nimekubali," Phelis alisema.

Walianza upya. Flaski tatu, peptidi ile ile, asidi ile ile. Moja ilitolewa baada ya dakika tisini, ya pili baada ya siku moja, ya tatu baada ya siku tatu. Kila ilipotolewa Phelis alisema saa kwa sauti, Otiende akatazama saa yake, akasema yake, wakaandika. Zaidi ya hayo hawakuzungumza. Sampuli zilienda Nairobi na zikarudi kama alivyosema: ya kwanza kamili, ya pili mchanganyiko, ya tatu pungufu kwa kumi na saba. Mwisho wa Septemba walipanda Boito, sitini kwa kila moja, na sitini za maji.

Miezi ile mitatu Phelis hakutulia. Alikwenda Boito kila Jumamosi kwa nauli yake. Wiki ya tano Mama Fancy alimkuta ameshika kikonyo alichokwisha kukichomoa udongoni, akikipindua kwenye mwanga.

"Kirudishe!" Mama Fancy alipaza sauti. "Wewe ukiwa mgonjwa, ukitembelewa na watu wanakuchomoa kitandani kila wiki, utapona lini?"

Phelis alikirudisha, akakandamiza udongo kwa vidole viwili. "Kilikuwa kimeanza kuvimba chini," alisema. "Kidogo tu."

"Basi kiache kivimbe. Njoo ndani unywe maziwa ya mursik, na ukimaliza uende nyumbani kwa watu wako. Usirudi hapa mpaka Desemba."

Alirudi mara mbili kabla ya Desemba. Mama Fancy alijifanya hakumwona.

Siku ya kuhesabu walikwenda wanne ndani ya pikapu: Daktari mbele na Otiende, Phelis nyuma na Bwana Gichana, aliyesema anataka kuona kwa macho yake hiyo pete. Hali ya hewa ilikuwa kavu. Mama Fancy alikuwa ametandika magunia, na Otiende alipiga magoti, akaanza kufungua mifuko mmoja mmoja, akiosha udongo kwenye ndoo, akiinua kila kikonyo juu. Phelis alisimama hatua kumi nyuma, mikono ameificha kwapani. Hakuna aliyemkataza kusogea. Alijikataza mwenyewe.

"Maji, sita," Otiende alisema, na Bwana Gichana akaandika. "Dakika tisini, tisa." Alichukua muda mrefu kwenye safu ya tatu. "Siku moja, ishirini na tatu." Safu ya mwisho ilimchukua karibu saa nzima, kwa maana mizizi ilikuwa mingi, myeupe na imeshikana, na hakutaka kukata hata mmoja. Viwili alivirudia mara ya pili, akaviweka upande wa vilivyokufa. "Siku tatu, arobaini na saba."

"Si hamsini na mbili kama ile ya kwanza," Daktari alisema.

"Arobaini na saba," Otiende alirudia. "Ndivyo ilivyo."

"Iandikwe hivyo," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba akamgeukia Phelis moja kwa moja. "Njoo uone kazi yako."

Phelis alisogea. Alichuchumaa kando ya ndoo, upande wa pili wa Otiende. Alitaka kusema neno la kuomba msamaha, alilokuwa amelisema tayari mara tatu kwa miezi ile, na kila mara Otiende alikuwa ameitikia "Sawa, Madam" na kuendelea na kazi. Safari hii hakulisema. Alichukua kikonyo kimoja akakiweka kiganjani. Mizizi ilianguka juu ya vidole vyake, baridi.

Otiende alikuwa akijifuta mikono. Alitoa kwenye mfuko wa shati miwani mpya yenye fremu nyeusi, akaivaa, akatazama kikonyo kile kwa karibu.

"Nilienda kwa daktari wa macho," alisema, kama anayeongea na kikonyo. "Ile wiki sikuja kazini. Amesema ni kweli, macho yameharibika. Miaka mitatu sasa nimekuwa naona vibaya." Alihesabu mizizi kwa ncha ya kidole, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. "Lakini hiyo lebo nilikuwa nimeisoma vizuri."

"Ulikuwa umeisoma vizuri," Phelis alisema.

"Mm." Alimpa daftari na kalamu. "Soma kwa sauti, halafu weka sahihi. Mimi nitaweka chini yako."